Watu Watatu Walimuulizia Roselida

Wezi wa Busia wanaiba kila kitu. Wanaiba betri ya lori dereva akiwa amelala ndani, wanaiba kuku na kizimba chake. Lakini Roselida alikuwa na mali moja ambayo hakuna mwizi aliyewahi kuigusa, nayo ni jina lake. Jina hilo lilikuwa safi kuanzia Bukhayo alikozaliwa mpaka Sio Port alikonunua omena, dagaa wa ziwani. Ukilitaja, watu waliitikia kwa kichwa.

Alikuwa na pikapu ya Peugeot, kuukuu, viraka juu ya viraka, mlango wa kushoto unafungwa kwa waya. Aliinunua mwenyewe kwa jasho la omena baada ya mumewe, Mukhwana, kufariki na mashemeji kugawana ng'ombe. Kila wiki aliteremka nayo Sio Port, akapakia magunia kwa mwanamke mmoja aitwaye Apondi bila kutoa senti, akaenda kuuza, akarudi kulipa. Mafuta alitia kwa Mzee Ogutu, mwenye pampu pale karibu na maegesho ya malori Busia, vilevile bila senti, akalipa akirudi. Hakuna aliyeandika mahali. Hakuna aliyetia sahihi. Apondi aliwaambia wenzake ufuoni, "Huyu ni benki yangu. Tena afadhali yeye, hafungi Jumapili."

Basi mwaka ule wa tisini na saba kampuni iliyomkatia bima ikafa. Haikuhama wala haikubadilisha jina. Ilikufa tu, mlango ukatiwa kufuli, na wenye magari waliokuwa wamelipa wakabaki na stika kwenye kioo kama picha ya marehemu ukutani. Roselida alikwenda pale mara mbili, akamkuta mlinzi ameketi kwenye ngazi akila mahindi ya kuchoma. Mlinzi mwenyewe alikuwa anadai mshahara.

Na shida ikija, huja na mdogo wake, wakati mwingine amevaa sura ya bahati. Wakati huohuo Roselida alikuwa amepata bahati ambayo hakuwahi kuiota. Mtu wa Malaba, Emojong, alikuwa amefungua mashine ya kusaga chakula cha kuku, na alitaka omena, pikapu nzima kila Jumatatu, mwaka mzima. Si kuuza kwa mkebe sokoni huku mvua inakunyeshea. Pikapu nzima! Mtu mmoja, malipo papo hapo. Kwa biashara hiyo Roselida angeezeka nyumba kwa mabati, angebadilisha injini, angelala usingizi wa watu.

"Lakini mama, mimi sitaki mambo mingi," Emojong alimwambia. "Omena yako nimeona, haina mchanga. Shida ni barabara. Juzi polisi wa Alupe walishika gari ya mtu, haina bima, mzigo ikakaa kwa jua mpaka ikaoza, na hasara ni yangu. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao leta mzigo na gari iko na bima. Ukikosa, kuna mtu mwingine hapa ananisumbua kila siku."

"Nitaleta," Roselida akasema. "Wewe fungua tu mlango wa ghala."

Akarudi Busia akiimba ndani ya gari. Maskini, hakujua.

Wakala wa kwanza aliyemwendea aliitwa Aluka. Ofisi yake ilikuwa chumba nyuma ya duka la dawa, kiti kimoja cha mgeni, kalenda ya mwaka uliopita. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza. Alipotaja bei ya bima, hata ile ndogo ya kumlipa utakayemgonga tu, Roselida alihesabu magunia kwa vidole, vidole vikaisha.

"Boss, nikilipa pole pole?"

"Inawezekana," Aluka alisema. "Lakini tangu kampuni ile ianguke, sisi wote tumekuwa waoga. Siwezi kukupa stika ya mwaka mzima kisha unitoroke mwezi wa pili. Lazima nijue wewe ni mtu wa namna gani. Nani anakujua?"

Swali gani rahisi kuliko hilo? Roselida alicheka. "Muulize Mzee Ogutu wa pampu. Muulize Apondi, Sio Port. Hao wakikwambia mimi ni mbaya, usinipe hata maji."

Aluka akasema ampe siku chache. Na mambo yangeishia hapo, yangeishia vizuri. Lakini Roselida alikuwa mfanyabiashara tangu utotoni, na mfanyabiashara anayekubali bei ya kwanza ni mtalii. Hata nyanya hakuwahi kununua kwa mtu wa kwanza. Kuuliza si ujinga, alijiambia. Akamwendea wakala wa pili, kijana mmoja mwenye tai nyekundu aliyekaa juu ya jengo linalotazamana na kituo cha forodha. Kijana akataja bei chini kidogo ya ile ya Aluka. Akauliza, "Nani anakujua?" Roselida akajibu vilevile: Ogutu, Apondi. Siku iliyofuata akaenda Malaba kwa wakala wa tatu, mama mmoja mnene aliyekuwa akiuza bima na vitambaa vya kitenge katika duka moja. Huyo naye akataja bei chini zaidi. Huyo naye akauliza. Na huyo naye akaambiwa: Ogutu, Apondi.

Angewataja nani tena? Mtu akitaka kusifiwa humtuma mgeni kwa anayemjua vizuri. Kila aliyelelewa na mama yake angefanya vivyo hivyo.

Wiki ile Roselida aliishi kama mtu mwenye siri tamu. Alifagia nyuma ya pikapu, akanunua turubai. Alipita kwa jirani yake Loise na kumwambia, "Dada, kuanzia mwezi ujao mimi na mvua ya sokoni tumeachana." Loise akampigia vigelegele.

Alhamisi akaenda kwa Mzee Ogutu kutia mafuta ya safari ya Sio Port. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba mbele ya pampu. Alipomwona, alisimama. Ogutu hakuwa mtu wa kusimama kwa ajili ya mteja.

"Mama, pampu imeharibika," alisema.

"Pole. Fundi amekuja?"

"Atakuja."

Roselida akawasha gari kugeuza. Nyuma yake lori la matangi likaingia, na kijana wa pampu akachomoa mpira, akaanza kulijaza. Roselida aliona kwenye kioo cha pembeni. Akadhani labda ni pampu ya dizeli ndiyo nzima. Akaenda kununua mafuta kwa pesa taslimu kwingine, pesa aliyokuwa ameiweka ya kodi ya kibanda chake cha soko, akashika njia za ndani kukwepa polisi.

Sio Port upepo wa ziwa ulikuwa umeleta harufu yote ya dagaa barabarani. Apondi alikuwa akigeuza omena juu ya nyavu zilizotandikwa chini. Hakuja mbio kumlaki kama kawaida. Aliendelea kugeuza, mgongo umemwelekea.

"Apondi nyako, msichana wangu, nimekuja! Magunia yangu yako wapi?"

"Imechukuliwa," Apondi akasema bila kugeuka. "Kuna mtu wa Bumala alikuja na pesa mkononi."

"Yawa! Yangu?"

"Dada, mambo imebadilika. Siku hizi mimi nataka pesa kwanza. Mtu aweke hapa, ndio apakie."

"Mtu, au mimi?"

Apondi alifuta mikono kwenye leso, akaangalia ziwani, akaangalia mitumbwi, akaangalia kila kitu isipokuwa uso wa mwenzake. "Mtu," alisema.

Roselida alirudi na pikapu tupu. Njia nzima alijipekua nafsi yake kama mtu anayepekua kikapu. Je, amemtukana nani? Amesahau harusi ya nani, msiba wa nani? Hakupata kitu. Moyo ulimuuma kwa namna asiyoijua, maana kosa ukilijua unaweza kuliomba msamaha, lakini lisilojulikana utaliombaje?

Alipofika mjini alikwenda moja kwa moja kwa Aluka. Alijiambia, angalau bima iko. Bima ikiwepo, Emojong yupo. Emojong akiwepo, hayo mengine yatajiponya.

Aluka hakumkaribisha kiti.

"Mama, imekataliwa."

"Imekataliwa na nani?"

"Na mimi. Sikia, sina ubaya na wewe. Nilipomuuliza Mzee Ogutu mara ya kwanza, alikusifu vizuri. Stika nikawa nimeshaanza kuitayarisha. Leo asubuhi nimepita pale kutia mafuta pikipiki yangu, kijana wa pampu akaniambia mzee amekata mafuta yako. Sasa wewe niambie. Ogutu anakujua tangu utoto. Kama Ogutu amekukatia mafuta, mimi ni nani nikukatie bima?"

Roselida alitoka pale. Akapanda kwa kijana wa tai nyekundu. Kijana akamwambia bosi wake wa Kisumu hajakubali, arudi mwaka ujao. Pikapu akaiacha kwa kuogopa polisi wa Alupe, akapanda boda boda mpaka kituo cha magari, akaenda Malaba kwa mama wa vitenge. Mama wa vitenge alikuwa mkweli zaidi, au mkali zaidi. "Dada, kule pwani ya Sio wanasema hata omena hawakupi tena. Unataka mimi nikupe nini?"

Hapo ndipo Roselida alipoelewa kwamba kila mmoja amemshika mwenzake mkono na wote wamefumba macho. Lakini aliyeanza ni nani? Akarudi Busia, akaenda kwa Ogutu, akavuta kreti ya soda, akaketi mbele ya kile kiti cha kamba. Hakusalimu.

"Mzee, nina deni lako?"

"Hapana, mama."

"Nimewahi kukukwepa? Nimewahi kupitia njia ya nyuma nisikuone?"

"Hujawahi."

"Basi mafuta yangu umekata kwa nini? Na usiniambie habari ya pampu!"

Ogutu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi.

"Watu walikuja kukuulizia," alisema. "Wa kwanza nilimwambia, huyo mama ni mtu kati ya watu. Nilikusifu mpaka mate yakaisha. Halafu akaja wa pili, maswali ni yale yale. Ana deni? Analipa? Anaweza kuhama? Nikamjibu vizuri, lakini moyoni nikasema, kwani kuna nini? Wa tatu akatoka Malaba. Malaba, mama! Hapo nikajua umeanguka. Mtu mzima hauliziwi mara tatu kwa wema. Unamkumbuka yule mwenye duka la mbolea? Alianza kuuliziwa hivyohivyo, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amevuka boda na pesa za watu."

Roselida alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nyasaye wangu! Mzee, ni mimi niliyewatuma! Walikuwa watu wa bima. Mimi mwenyewe ndiye niliyewapa jina lako!"

"Wote watatu?"

"Wote! Nilikuwa nalinganisha bei!"

Mzee Ogutu alionekana kama mtu aliyekanyaga kifaranga gizani. "Mchagua jembe si mkulima," alinong'ona, lakini hata yeye alijua methali hiyo haimsaidii mtu sasa.

"Na mbona hukuniuliza? Mimi niko hapa kila wiki. Unaniona, unanijua. Neno moja tu, 'Roselida, watu hawa wanataka nini?' Neno moja, mzee!"

"Mama," Ogutu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea mbele ya baba yake, "mtu akiuliziwa haambiwi. Watu wa Mukhwana walipotaka kukuoa, walikuja kwangu kimya kimya kukuulizia. Nilikwambia?"

"Hukuniambia."

"Nilisema maneno mema, nikafunga mdomo, nawe ukaolewa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Anayebeba maneno ya kuuliziwa anavunja nyumba."

Roselida alimtazama. Alitaka kumchukia, akashindwa. Angekuwa adui angemtukana mpaka malori yasimame. Lakini huyu alikuwa mtu mwema aliyefanya adabu, na adabu yake ilikuwa imemla mwenzake mzimamzima. Hasira ilimjaa Roselida kifuani, ikakosa pa kushukia, ikamgeukia mwenyewe. Akalia pale pale mbele ya kijana wa pampu na madereva wa Kampala, wala hakuona aibu.

Ogutu alijaribu kurekebisha. Siku hiyohiyo alifunga pampu, akavaa koti, akaenda naye kwa Aluka. Akasimama mbele ya meza akatoa ushahidi kama mtu aliye mahakamani: huyu mama hana deni, mafuta nimemfungulia, kosa ni langu.

Aluka alimsikiliza kwa upole wake uleule. Kisha akasema, "Mzee, wiki iliyopita ulimsifu. Leo asubuhi umemkatia mafuta. Jioni hii umekuja mwenyewe, hujaitwa, kumsifu tena, naye amesimama nyuma yako macho mekundu. Nishike lipi? Samahani kuuliza, lakini amekupa nini?"

Ogutu akatoka nje. Katika maisha yake yote hakuwahi kuulizwa swali kama hilo, na alizeeka kidogo pale mlangoni.

Sio Port nako alikwenda. Apondi alimsikiliza, akamhurumia hata, akatoa machozi. Lakini magunia hakutoa. "Mzee, ninaamini wewe. Hata mimi walinijia watatu na maswali hayo hayo. Lakini wenzangu wote hapa wameshasikia. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikimpa na akose kulipa, watanicheka mimi."

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ikafika. Roselida aliipangusa pikapu asubuhi, kwa mazoea tu, kisha akaketi kwenye ngazi ya nyumba akaiangalia. Kule Malaba Emojong alingoja mpaka saa nne, halafu akampungia mkono yule mtu mwingine aliyekuwa akimsumbua kila siku. Yule mwingine alikuwa na lori, bima, na omena yenye mchanga. Emojong akainunua.

Baada ya hapo hesabu ilikuwa moja. Bila bima gari haliendi. Bila gari linaloenda hakuna wa kumpa mzigo kwa kumwamini. Na ili anunue mzigo kwa pesa mkononi kama watu wengine, alihitaji pesa mkononi. Kitu pekee cha kuuzwa kilikuwa pikapu. Loise alimsihi angoje kidogo, watu husahau. "Wanasahau mazuri," Roselida alimjibu.

Akatokea mnunuzi, Wandera, kijana wa kutoka upande wa Matayos aliyekuwa amefanya kazi viwandani Jinja na kurudi na akiba yake. Aliipenda pikapu mara tu alipoisikia injini. Wakakubaliana bei ya haki, wakapeana mikono. Wandera akasema atarudi kesho na pesa.

Alirudi, lakini uso ulikuwa umebadilika.

"Mama, usikasirike. Kabla ya kutoa pesa yangu nilipita pale kwa pampu kuulizia kidogo. Kujua tu nanunua kwa nani."

Roselida akauliza, "Mzee alisema nini?"

"Huyo mzee!" Wandera akatikisa kichwa. "Nimemuuliza kitu kidogo, yeye akainuka kwa kiti. Akaapa kwa Mungu. Akashika Biblia, mama! Ati wewe ni msafi, ati hujawahi kudanganya mtu, ati anayesema vingine ni mwongo, ati yeye yuko tayari kwenda polisi kushuhudia. Mimi sijataja polisi! Amekusifu mpaka nikaogopa. Kizuri chajiuza, si ndio? Nikajiuliza, hii gari iko na nini?"

Roselida akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wandera alimtazama bila kujua acheke naye au akimbie.

"Sema bei yako," Roselida alisema alipopata pumzi.

Wandera akataja. Ilikuwa nusu ya walichopatana, na juu kidogo. Roselida alikubali bila kupandisha hata mara moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kukubali bei ya kwanza. Akampa ufunguo, akampa na ule waya wa mlango, akamwonyesha namna ya kuufunga.

Kijana akaketi nyuma ya usukani, furaha ikamrudia usoni. Akainua kichwa kutoa swali moja la mwisho, kwa adabu kama mtu anayemuuliza dada yake mkubwa.

"Mama, na bima? Wewe unaijua Busia hii. Nani ako na bei nzuri? Nizunguke kwanza niulize wangapi?"

Roselida alisogea karibu na dirisha, akaliegemea.

"Sikia, mdogo wangu. Ingia kwa wa kwanza utakayemkuta mlango wazi. Bei atakayokwambia, hata ikiuma, mlipe. Usimtaje mtu anayekujua. Usiulize kwa wa pili."

Wandera alicheka, akidhani mama anatania. Akawasha gari, akashika njia ya mjini kwenda kuuliza bei.